Jungu la bibi halibadilishwi na ndoo!

Leo tunaweka pembeni mambo ya mavazi na mapenzi, tunaingia jikoni. Ebo, usinune! Sikupi pishi la sato wa nazi. Nataka tuangalie kile chombo ambacho sato anapikiwa ndani yake. Mitungi, majungu, mabakuli na zile chupa nzito za udongo zilizojaa vumbi kwenye kabati la bibi.

Kwa nini leo? Kwa sababu mjini kuna watu wajanja, na kijijini kuna bibi zetu wenye roho nzuri. Wakikutana hao wawili, anayeliwa unamjua.

Picha yenyewe huwa hivi. Kijana kapiga hodi uani kwa watu, kapanda baiskeli, nyuma kafunga ndoo na mabeseni ya plastiki.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu, karibu."

"Bibi, hili jungu bado unalitumia? Mbona limechakaa! Nikupe ndoo mpya na kilo mbili za sukari, mimi nikakutupie hili."

Bibi anacheka, anaona kapata neema. Jungu linaondoka. Pengine lilikuwa jungu la kawaida tu, na ndoo ilikuwa biashara halali. Lakini pengine ndilo alilokuja nalo mama mkwe wake kutoka kwao, na huwezi kulipata tena duniani. Ubaya wa mambo, nyumba nzima hakuna anayejua ni lipi kati ya hayo mawili!

Upande wa pili wako wazee wa dili. Hao hawanunui, hao wanauza ndoto. Utasikia eti mtungi wa Mjerumani una zebaki nyekundu, eti kuna tajiri anautaka kwa mamilioni, wewe toa kwanza "ada kidogo" ya kumwita mtaalamu apime. Washikaji, amkeni! Mwaka 2009 huko Saudi Arabia ulizuka uvumi kwamba cherehani za zamani za Singer zina zebaki nyekundu. Watu walinunua cherehani mbovu kwa bei ya kutisha, wakawa wanasogeza simu kwenye sindano kuona kama mtandao utakatika. Mwisho wake ulikuwa nini? Upepo mtupu. Zebaki haikai kwenye cherehani wala kwenye mtungi. Atakayekuomba hela kabla ya kununua kitu chako, huyo si mnunuzi.

Sasa tujifunze wenyewe, tusisubiri mtaalamu wa kijiweni.

KABILA TATU ZA VYOMBO

Vyombo vyote vya udongo, viwe vya Ukerewe au vya Uingereza, vinagawanyika kwa moto. Ndiyo, moto ndio unaotoa hukumu.

Kabila la kwanza ni udongo wa kawaida, uliochomwa kwa joto lisilozidi sana nyuzi 1,000. Humu ndimo zilimo vyungu na mitungi yetu. Hivi vinapitisha maji kidogo kidogo, na hiyo ndiyo siri ya maji ya mtungini kuwa baridi bila umeme. Maji yanatoka taratibu kwenye ngozi ya mtungi, yanakauka kwa hewa, na yakikauka yanaondoka na joto. Humu humu pia yamo mabakuli mengi ya kizungu yenye maua, isipokuwa hayo yamepakwa ile ngozi ya kioo inayong'aa, maji yasipite.

Kabila la pili ni udongo ulioungua mpaka ukawa kama jiwe. Hapa joto linafika nyuzi 1,200 na zaidi. Chembe za udongo zinayeyuka na kushikana, chombo kinakuwa kizito, kigumu, na hata bila kupakwa kitu hakipitishi maji. Ndiyo maana watu waliweka humo achari, chumvi, siki, wino na pombe.

Kabila la tatu ni kauri yenyewe, ile nyeupe nyembamba. Ukiinyanyua kwenye jua, ukaweka mkono nyuma, unaona kivuli cha vidole vyako.

Utajuaje bila mashine? Kwanza, kigonge kwa ukucha. Cha udongo wa kawaida kinalia "du", kizito. Cha jiwe kinalia kama jiwe au kengele fupi. Kauri inalia "ting" ndefu. Kikilia kwa kukwaruza kama mtu mwenye mafua, kina ufa hata kama huuoni.

Pili, kipindue. Kitako cha chombo ndiyo kitambulisho chake. Tafuta sehemu ambayo haikupakwa ngozi ya kioo, dondoshea tone moja la maji. Likinywewa, hilo ni kabila la kwanza. Likibaki limekaa kama jicho, hilo ni la jiwe au kauri.

Tatu, angalia palipomeguka, kama pamemeguka. Ndani kukiwa kwekundu au kweupe na kunaacha unga kama chaki, moto haukuwa mkali. Kukiwa kwa kijivu, kugumu na kumekazana, hiyo ni jiwe.

VILIFIKAJE KWETU?

Swali zuri. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, meli za mvuke zikaanza kuzunguka ziwa na mizigo ya madukani. Reli ya kutoka Tabora ikafika Mwanza mwaka 1928. Kwa njia hizo mbili viliingia vikombe, sahani, chupa na mitungi kutoka Ulaya na Bara Hindi, pamoja na chumvi, khanga na mafuta ya taa.

Cha kwanza kukitafuta Mwanza ni mtungi wa achari wa Kihindi. Wenyewe wanauita barni. Umeuona bila shaka. Juu ni rangi ya kahawia au asali, chini rangi ya maziwa, mdomo mpana na kifuniko chake. Huo ni udongo wa jiwe hasa. Familia za wafanyabiashara wa Kihindi zilikaa nao vizazi na vizazi, na wengine walipohama waliwaachia wapishi na majirani. Mdogo wa kawaida bado unatengenezwa India, kwa hiyo usidanganywe kwamba kila barni ni ya kale. Mkubwa wa zamani wenye kifuniko chake cha asili, huo shika vizuri.

Cha pili ni chupa za udongo. Wajerumani walikaa Mwanza mpaka mwaka 1916 Waingereza walipowatoa. Kwao, eneo la Westerwald, kulikuwa na wafinyanzi maarufu wa vyombo vya kijivu vyenye mapambo ya buluu, na pia chupa ndefu za kahawia za maji ya chemchemi, zenye sikio dogo begani na mhuri uliokandamizwa kwenye udongo. Waingereza nao walikuwa na chupa fupi nene za bia ya tangawizi na za wino. Chupa kama hizo zilisafiri dunia nzima. Jamani, ni kuukuu kweli, lakini zilitengenezwa kwa mamilioni! Chupa moja haijengi nyumba Capri Point.

Ngozi yake ndiyo inayozitambulisha. Ukiikuta ina vinyweleo vinyweleo kama ganda la chungwa, hapo walitumia chumvi. Tanuri likiwa limewaka vilivyo, mfinyanzi alirusha chumvi ndani, mvuke wake ukashika udongo na kugeuka kioo. Hakuna brashi iliyogusa pale.

Cha tatu si jiwe lakini lazima nikitaje, maana pwani walikipenda mno. Ni bakuli za Uholanzi, za mji wa Maastricht. Petrus Regout alianza kutengeneza vyombo huko mwaka 1836, na kampuni yake baadaye ikatumia alama ya sphinx, yule simba mwenye kichwa cha mtu. Zile bakuli zenye maua mekundu, ya kijani na ya buluu zilizogongwa kwa mhuri zilipangwa ukutani Zanzibar kama leo mtu anavyotundika televisheni bapa. Bara zilifika na biashara na ndoa. Kama bibi yako alitoka pwani, pindua bakuli zake zote!

SOMA KITAKO KAMA GAZETI

Maandishi ya chini yanasema umri. Marekani ilipitisha sheria, ikaanza kazi mwaka 1891, kwamba bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka. Kwa hiyo chombo chenye jina la nchi kwa kawaida ni cha baada ya hapo. Maneno "Made in England" kwa kirefu mara nyingi ni ya karne ya 20. Neno "Royal" mbele ya Doulton ni la kuanzia 1901. "Czechoslovakia" haiwezi kuwa kabla ya 1918, maana nchi haikuwepo. "Occupied Japan" ni ya miaka ya baada ya vita, mwisho 1952. "West Germany" ni kati ya 1949 na 1990. Na ukikuta imeandikwa kinafaa kwenye mashine ya kuoshea vyombo au maikrowevu, rafiki yangu, hicho hakikuja na Mjerumani. Kirudishe jikoni upigie chai.

Hakuna maandishi? Usitupe. Vyungu vyetu vyote havina maandishi, na ndiyo tunavyofikia sasa.

CHUNGU CHETU KINASEMA BILA KUANDIKWA

Hapa ndipo vijana wengi wanapopotea. Chenye maneno ya Kizungu wanakikumbatia, cha nyumbani wanakipiga teke. Sikiliza basi.

Ukanda huu wa ziwa una historia ya ufinyanzi inayotisha kwa urefu. Upo ufinyanzi unaoitwa Urewe, jina la mahali huko Siaya, Kenya, ulioandikwa kitaalamu mwaka 1948. Vyungu vyake vina midomo iliyochongwa kwa mistari na vingi vina kijishimo kitakoni, kama alama ya kidole gumba. Vimepatikana pia Buhaya, mkoani Kagera, pamoja na mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma, na vina umri wa miaka zaidi ya 2,000. Upo mwingine wa kale zaidi ya huo, unaoitwa Kansyore, na uchunguzi wa Soper na Golden uliotolewa mwaka 1969 uliukuta hapa hapa mkoani Mwanza, kwenye mapango ya Nyang'oma. Kwa hiyo ukiona gae shambani, usidhani ni takataka ya jana.

Vyungu vilivyokuja baadaye sana vinatambulika kwa mapambo ya kamba. Mfinyanzi alichukua kamba iliyosokotwa au jani lililofungwa mafundo, akaviringisha juu ya udongo mbichi. Pitisha kidole shingoni mwa chungu cha bibi, utaisikia hiyo njia ya kamba.

Na mkono una kwao. Kwa Wajaluo wa Nyanza, uchunguzi wa wafinyanzi wanawake ulionyesha kwamba wengi walijifunza kazi baada ya kuolewa, kutoka kwa mama mkwe na wake wenza. Kwa hiyo shingo ya chungu na mapambo yake yanataja ukoo alikoolewa mama, siyo alikozaliwa. Hebu fikiria! Jungu unalotaka kubadilisha na ndoo ni cheti cha ndoa.

Unataka kuuona ukweli kwa macho? Panda daladala la Kisesa, uende Bujora, kwenye Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement wa Kanada. Vyombo vya watawala na vya nyumbani vimepangwa pale. Ni matembezi mazuri ya Jumapili, na mpenzi wako atakuona una akili.

BEI INATOKA WAPI?

Haya, tuje kwenye noti, maana najua ndicho mlichokuwa mnasubiri. Kuukuu siyo ghali. Rudia mwenyewe: kuukuu siyo ghali! Bei ya chombo ina miguu minne.

Mguu wa kwanza ni uzima. Ufa, mmeguko na kifuniko kilichopotea vinaangusha bei vibaya. Mguu wa pili ni uchache. Kilichotengenezwa kwa mamilioni kinabaki rahisi hata kikiwa na miaka 100. Mguu wa tatu ni mtu anayekitaka. Bila mnunuzi, kitu adimu ni kitu adimu tu, basi. Mguu wa nne, unaosahaulika, ni habari yake. Nani alikifinyanga, wapi, kilitumika kwa nini, kilifikaje kwenu. Chungu chenye habari iliyoandikwa kinauzika kuliko pacha wake aliye bubu.

Mnabisha? Mtazameni Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1950. Katikati ya miaka ya 1970 alikwenda kujifunza Abuja, Nigeria, alikokuwa mfinyanzi mashuhuri Ladi Kwali, yule mama ambaye sura yake iko kwenye noti ya naira 20. Odundo anajenga vyombo kwa mkono, hatumii gurudumu, hapaki ngozi ya kioo, anasugua tu mpaka vinang'aa, kisha moto unavipa rangi ya chungwa au nyeusi. Ndiyo njia za bibi zetu hizo! Na kazi zake zimeuzwa minadani kwa mamia ya maelfu ya pauni. Tofauti ni nini? Jina lake linajulikana, na kila chombo kina kumbukumbu. Bibi zetu hatukuwaandika majina. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na sisi ndio tunaoendelea kumpa hilo gae.

Sasa mnunuzi akija, fanya hivi. Usitaje bei wewe kwanza. Usiuze siku hiyo hiyo, hata akisema gari linamsubiri. Piga picha juu, ubavuni na kitakoni. Uliza watu watatu wasiojuana. Na usisugue! Steelwire inaua chombo. Chungu kisicho na ngozi ya kioo kinanywa sabuni, kifute kwa kitambaa chenye maji tu.

Na wewe unayenunua pale Makoroboi au kwingineko, chunguza uchakavu. Chombo kilichotumika kweli kimelika kitakoni na ndani palipopita mwiko, tena bila usawa. Kilichozeeshwa kwa hila kina uchafu uliosambaa sawasawa kila mahali, na ukilowesha kitambaa tope lote linakufuata mkononi.

MAMBO MAWILI YA KUSHIKA SANA

La kwanza, sheria. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na mkono wa binadamu kabla ya mwaka 1863, na hata vya baadaye vilivyotumika katika mila vina masharti yake. Kuchimba bila kibali ni kosa, kuvipeleka nje bila kibali ni kosa. Ukikuta vyungu vimefukiwa, usivitoe. Vikiwa ardhini vimekaa kwa mpangilio vinaweza kumsomesha mtaalamu. Vikiwa kwenye kiroba chako ni magae tu. Toa taarifa kwa serikali ya kijiji au ofisi ya utamaduni ya wilaya.

La pili, afya. Ngozi za kioo za zamani, hasa za vyombo vya joto dogo vyenye rangi kali, nyingi zilichanganywa na risasi. Vitu vichachu kama limau, ukwaju, siki na maziwa mgando vinaitoa risasi hiyo na kuiingiza kwenye chakula. Inaumiza kila mtu, lakini watoto wadogo na mama wajawazito ndio zaidi. Bakuli la maua lililojaa nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui, liweke ukutani lipendeze, usimlishie mtoto uji. Uzuri wa bakuli haulipi gharama za Bugando.

Basi kazi ya wiki hii ni moja, tena haina gharama. Ukienda kusalimia Magu, Kwimba, Misungwi au Ukara, usiishie kula michembe na kuomba nauli ya kurudi. Mwambie bibi akutolee vyombo vyake kimoja kimoja. Uliza kila kimoja kilitoka kwa nani. Andika kwenye daftari, kila picha na maneno yake. Jungu kuu halikosi ukoko, lakini ukoko unakombwa angali mpishi yupo. Siku bibi akiondoka, hakuna dalali wala profesa atakayekujibu.

Halafu kama mtaamua kuuza, uzeni kwa macho makavu, na bibi mwenyewe akiwa amekaa pale anasikia bei. Hela ni ya kwake.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Mjini shule, jikoni chuo kikuu!